Kompyuta mpya iliunganishwa Arusha, imefika Moshi inazima kila nikisakinisha Windows 11. Tatizo liko wapi?

#1 KaratasiNyeupe (Moshi), Jumatatu, saa 2:40 usiku

Habari za jioni, wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Moshi, jirani na stendi kuu, na baada ya kompyuta yangu ya zamani kuchoka niliagiza nyingine mpya iunganishwe Arusha na fundi ninayemwamini. Vipande vyake ni prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, madabodi ya B550, vijiti viwili vya RAM vya GB 8 kila kimoja, diski ya NVMe ya GB 512 na pawa saplai ya wati 500. Haina kadi ya picha ya pembeni. Inatumia ile iliyomo ndani ya prosesa. Fundi aliiwasha mbele yangu, nikaona ukurasa wa BIOS (mipangilio ya awali ya mashine), nikaridhika, nikapanda nayo Coaster. Kutoka stendi hadi Usa River ilikaa chini ya kiti, kisha nikaipakata kwa sababu matuta yalikuwa yanairusha.

Tangu Jumamosi nimejaribu kupiga Windows 11 mara tano. Mara ya kwanza ilifika asilimia 38 ikaleta skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT. Mara ya pili ilisimama na namba 0x80070570. Mara ya tatu na ya nne ilijizima na kujiwasha bila kusema neno. Mara ya tano ilimaliza kunakili, ikabuti, kisha ikaganda kwenye vidoti vinavyozunguka. Jana usiku nilijaribu mfumo mwingine, Ubuntu 24.04, nao ukaganda huku skrini ikiwa na mistari ya kijani. Je, hii ni Windows, ni flashi, ni RAM, au nimeuziwa prosesa mbovu? Sitaki kuirudisha Arusha kabla sijajua ninachokwenda kulalamikia.

#2 Kijana_Sakina (Arusha), Jumatatu, saa 2:58 usiku

Pole, dada. Mimi ningeanza na flashi kabla ya kitu kingine chochote. Namba 0x80070570 maana yake ni kwamba faili limeharibika au halisomeki, na faili hilo linatoka kwenye flashi. Tuambie ISO (lile faili lenye Windows nzima) uliipakua wapi, ulitumia programu gani kuiandika, na flashi yenyewe uliinunua kwa nani. Siku hizi kuna flashi zilizoandikwa GB 64 ilhali ndani mna GB 8 tu. Ukiijaza inaendelea kupokea kwa adabu zote, kumbe inaandika juu ya yale uliyokwisha kuyaandika.

#3 Mtaalamu_Nusu, Jumatatu, saa 3:05 usiku

Naunga mkono. Zaidi ya hapo, flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili) haibebi faili linalozidi GB 4, na faili kubwa la install.wim kwenye Windows 11 linazidi hapo. Kwa hiyo lilikatwa katikati. Tatizo limepatikana, uzi ufungwe.

#4 NjiroKwetu (Arusha), Jumatatu, saa 3:17 usiku

Uzi haufungwi hivyo, ndugu yangu. FAT32 haikati faili katikati. Inalikataa tangu mwanzo na kukuletea ujumbe kwamba ni kubwa mno. Kama dada alitumia Rufus, programu hiyo hufomati flashi kwa NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, pale faili linapozidi GB 4, na huongeza kipande kidogo cha kuiwezesha UEFI (BIOS ya kisasa) kubuti kutoka humo. Na kwa habari ya flashi feki, ISO ya Windows 11 kwa kawaida haifiki GB 8, hivyo hata ile yenye GB 8 za kweli inaitosha. Sisemi flashi haina kosa, nasema sababu mlizotoa hazijafika.

#5 KaratasiNyeupe, Jumatatu, saa 3:30 usiku

Asanteni. ISO niliipakua kutoka tovuti ya Microsoft kwa bando la simu, ikakatika na kuendelea kwa muda wa usiku mbili. Niliiandika kwa Rufus kwenye kompyuta mpakato ya mdogo wangu, na Ubuntu niliiandika kwenye flashi hiyo hiyo baadaye. Flashi niliinunua kwa kijana anayepita madukani na boksi la chaja na vifuniko vya simu. Naomba msinicheke.

#6 FundiTaratibu (Kaloleni, Arusha), Jumatatu, saa 4:12 usiku

Salaam. Nianze kwa kusema kwamba mimi siye niliyeiunganisha mashine hii, kabla hamjaanza kunitazama.

Kwenye kazi hii jambo la kwanza ninaloangalia ni kama kosa linarudi pale pale au linahamahama. Flashi yenye faili bovu hugoma mahali pamoja kwa namba ile ile, kwa kuwa ubovu wake haujahama. Hapa tuna makosa ya sura tofauti katika majaribio sita, tena kwenye mifumo miwili isiyohusiana. Kosa la namna hiyo hutoka kwenye kitu ambacho kila faili linapitia, yaani RAM, au kidhibiti chake kilichomo ndani ya prosesa, au umeme. Hata ile 0x80070570 haimsaidii Kijana_Sakina, kwa sababu Windows hulikunjua faili lililobanwa ndani ya RAM, na biti moja ikigeuka humo mfumo utasema faili ni bovu wakati flashi haina hatia.

Mistari ya kijani ndiyo iliyonifanya niandike. 5600G haina kumbukumbu yake ya picha. Inajikatia kipande cha RAM hiyo hiyo tunayoizungumza, na RAM ikiyumba, picha nayo inachafuka. Dada, zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kasha, usome kibandiko cha RAM na utuandikie kila kilichomo.

#7 Kijana_Sakina, Jumatatu, saa 4:20 usiku

Nimekuelewa, fundi, lakini flashi inayokufa haina kosa moja la kudumu. Leo inasoma, kesho haisomi, hasa ikipata joto. Dada, kwenye ile kompyuta mpakato fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili la ISO, kisha SHA256. Itakutolea herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile zilizo kwenye ukurasa wa Microsoft ulikopakulia. Tofauti ya herufi moja inatosha kuitupa ISO hiyo.

#8 BibiMbuni (Kibosho), Jumanne, saa 12:45 asubuhi

Hamjambo. Mimi ni mtunza hesabu wa chama chetu cha kahawa, siyo fundi, ila yaliyotukuta yanafanana na haya. Kompyuta yetu mpya ilikuwa inazima katikati ya kusakinisha, tukabadilisha flashi tatu na RAM mara mbili. Mwishowe kijana mmoja aliifungua yote, akang'oa madabodi, akakuta zile nguzo fupi za shaba zinazoishikilia zimewekwa kumi ilhali matundu yake ni tisa. Ile ya kumi ilikuwa inagusa mgongo wa madabodi mahali pasipohusika. Aliiondoa kwa koleo tukiwa tumesimama tunamtazama, na tangu siku hiyo haijazima tena. Nguzo yenyewe ninayo kwenye mtungi wa kalamu hadi leo.

#9 Mtaalamu_Nusu, Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Bibi, shikamoo. Hiyo nguzo imenifurahisha. Mimi naleta jambo jingine: kompyuta za siku hizi zina mpangilio unaoitwa VMD ndani ya BIOS, na usipoweka draiva yake kwanza, Windows haioni diski. Kompyuta yangu mpakato ilinisumbua wiki nzima kwa jambo hilo. Pia mwaka 2024 kulikuwa na habari kubwa za prosesa kuharibika zenyewe na kuzimisha mashine. Dada auangalie upande huo.

#10 NjiroKwetu, Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Yote mawili ni ya kweli na yote mawili ni ya Intel. VMD ilianza kuwasumbua watu kwenye kompyuta mpakato za kizazi cha 11, na dalili yake ni diski kutoonekana, siyo kuzima. Zile prosesa zilizokuwa zinachakaa kwa volti kubwa ni za mezani za kizazi cha 13 na 14. Intel ilitoa mikrokodi ya 0x129 (marekebisho ya maelekezo ya ndani ya prosesa) mwezi Agosti 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Dada ameandika AMD kwenye mstari wa tatu wa uzi wake. Tusome kabla ya kujibu.

#11 Mtaalamu_Nusu, Jumanne, saa 2:09 asubuhi

Nimesoma sasa. Jina langu linajieleza.

#12 KaratasiNyeupe, Jumanne, saa 7:50 mchana

Nimefanya mliyoniambia. Tarakimu 64 nimezilinganisha moja moja kwa kidole huku mdogo wangu akisoma kwa sauti, na zimelingana zote. Kibandiko cha RAM kinasema DDR4-3600, CL18, volti 1.35. Kwenye BIOS kuna kipengele cha XMP nacho kimewashwa, sikukiwasha mimi. Vijiti viko tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Nguzo za shaba sijazihesabu, naogopa kung'oa madabodi.

#13 FundiTaratibu, Jumanne, saa 8:22 mchana

Matundu hayo ndiyo yenyewe, aliyeyachagua alijua kazi yake. Sasa tuitazame hiyo 3600. AMD inaitambua 5600G kwa RAM ya DDR4 hadi mwendo wa 3200. Zaidi ya hapo ni kuikimbiza, na XMP ni ruhusa unayoipa mashine ikimbie. Prosesa nyingi zinavumilia, nyingine zinavumilia hadi siku kazi inapokuwa nzito, na usakinishaji ni kazi nzito kwa RAM: inanakili, inakunjua na kuhakiki maelfu ya mafaili kwa dakika chache. Zima XMP, uiache RAM iende kwa mwendo wake wa kawaida, halafu ujaribu tena. Usibadilishe kitu kingine chochote, hata flashi usiiguse.

#14 NjiroKwetu, Jumanne, saa 8:40 mchana

Kwa heshima, fundi, mimi ninayo 5600G hiyo hiyo na RAM ya 3600, XMP ikiwa imewashwa, na huu ni mwaka wa tatu haijanionyesha skrini ya bluu hata moja. Badala ya kuizima XMP kwa kukisia, aipime. Apakue programu ya kupima RAM, Memtest86+, toleo la 6 au la baadaye, maana matoleo ya nyuma hayabuti kwa UEFI, aiandike kwenye flashi nyingine, aiache usiku kucha. Ikitoa mstari mwekundu hata mmoja tutakuwa na ushahidi mkononi.

#15 Mzee_wa_Fyuzi (Majengo, Moshi), Jumanne, saa 11:15 jioni

Wanangu, nimewasoma wote tangu jana nikisubiri mmoja wenu aulize swali jepesi: mashine hiyo imechomekwa wapi?

Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani na madukani kwa miaka mingi kabla ya kupumzika. Karatasi zinasema tunatumia volti 230 kwa mizunguko 50 kila sekunde. Mita yangu ukutani imewahi kunionyesha 187 saa moja jioni, mtaa mzima ukipika. Huyu binti ana steshenari, kwa hiyo ana mashine ya kupiga kopi. Ndani ya mashine ile mna roli inayopashwa moto wa karibu nyuzi 200 ili wino ushike karatasi, na kila hita yake inapoingia inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Nenda dukani, binti yangu, washa taa, kisha uwashe mashine ya kopi. Taa ikififia kidogo kama mtu aliyekonyeza, basi kompyuta nayo imekonyezwa. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekunde 20, na pawa saplai nzuri inatakiwa ishikilie milisekunde 16 hivi umeme ukikatika. Ya bei nafuu, tena kwenye volti ambazo tayari zimeshuka, haifiki hapo.

Usichokijua kuhusu umeme ni kwamba hauachi ujumbe. Ile mara ya tatu na ya nne, mashine ilipojizima bila kusema neno, mimi naamini hapo ndipo iliposema ukweli.

#16 KaratasiNyeupe, Jumanne, saa 12:20 jioni

Shikamoo, mzee. Taa inafifia. Sikuwahi kuitilia maanani kwa sababu nimeizoea. Kompyuta, mashine ya kopi, mashine ya laminesheni na birika la umeme vyote viko kwenye ekstensheni moja.

#17 Mzee_wa_Fyuzi, Jumanne, saa 12:26 jioni

Marahaba. Na birika pia.

#18 Kijana_Sakina, Jumanne, saa 1:10 usiku

Mzee, shikamoo. Nina swali bila kukukosea adabu. Kama umeme ndio unaozima, ile MEMORY_MANAGEMENT na mistari ya kijani vinatokea wapi? Umeme ukishuka mashine ingezima tu. Halafu ya Ubuntu aliijaribu Jumapili usiku, ambapo nadhani duka lilikuwa limefungwa na kopi hazipigwi.

#19 Mzee_wa_Fyuzi, Jumanne, saa 1:35 usiku

Marahaba, mwanangu, swali zuri. Umeme ukikatika, mashine inazima. Umeme ukiyumba kidogo, pawa saplai inatoa volti 12 zilizochafuka, na vipande vya ndani vinafanya kazi kwa kukosea badala ya kuzima. Kuhusu Jumapili usiku sina jibu. Mwulizeni yeye kama birika lilikuwa linachemka.

#20 Mtaalamu_Nusu, Jumanne, saa 2:00 usiku

Mbona jibu liko wazi: anunue UPS, achomeke kila kitu humo, tulale.

#21 Mzee_wa_Fyuzi, Jumanne, saa 2:04 usiku

Mashine ya kopi ya leza haichomekwi kwenye UPS ya mezani hata siku moja. Utaiua UPS kabla ya kopi ya kwanza kutoka. Kompyuta na skrini tu ndivyo vinavyoingia humo.

#22 TengeruMwanachuo, Jumanne, saa 3:15 usiku

Habari zenu. Nimeshangaa hakuna aliyetaja joto. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku tunajifunika blanketi. Moshi iko chini yetu kwa mita mia kadhaa na joto lake kila mtu analijua. Mashine ilitulia Arusha, imefika Moshi inazima. Kikomo cha 5600G ni nyuzi 95. Ikiwa feni ya prosesa ililegea kwenye yale matuta, au ile pesti ya kupitishia joto ilipakwa kidogo, basi Moshi imemaliza kazi iliyoanzia Usa River.

#23 NjiroKwetu, Jumanne, saa 3:28 usiku

Tofauti ya hali ya hewa ya Arusha na Moshi ni nyuzi chache, ndugu mwanachuo, na prosesa haitofautishi kati ya hizo mbili kama tunavyotofautisha sisi tunapotafuta sweta. Ukizingatia vilevile kwamba hewa ya chini ni nzito zaidi, feni ya Moshi inafidia sehemu ya tofauti hiyo. Isitoshe, prosesa ikizidiwa na joto hupunguza mwendo kwanza, haikimbilii kuzima. Ila hoja ya matuta naikubali: kijiti cha RAM kinaweza kunyanyuka upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho halioni. Na tusisahau kwamba Arusha mashine hiyo ilionyeshwa ukurasa wa BIOS tu. Hakuna aliyeijaribu kwa kazi nzito, kwa hiyo kusema ilitulia Arusha ni kuisifia mashine iliyokuwa imesimama.

#24 KaratasiNyeupe, Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Joto nimelitazama kwenye BIOS, linasoma nyuzi 44. Vijiti vya RAM nimevichomoa na kuvirudisha hadi vikalia klik pande zote mbili. Memtest86+ niliiandika kwenye flashi ya shule ya mwanangu, nikaianzisha saa tatu usiku nikiwa nimefunga duka, XMP ikiwa bado imewashwa. Nimeikuta asubuhi imezunguka mara nne bila kosa hata moja.

#25 NjiroKwetu, Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Basi RAM imesafishwa jina. Asante kwa kazi nzuri.

#26 FundiTaratibu, Jumatano, saa 1:44 asubuhi

Haijasafishwa. Umevichomoa na kuvirudisha kabla ya kupima, kwa hiyo hatujui kama tumepima tatizo au tumepima dawa. Pia Memtest86+ huonyesha maandishi tu, haiishughulishi ile sehemu ya picha inayogombania RAM wakati wa usakinishaji. Kipimo kikileta kosa, kosa lipo. Kikikosa kosa, kinakwambia tu kwamba usiku ule hapakuwa na kosa.

#27 Mzee_wa_Fyuzi, Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Na usiku ule mashine ya kopi ilikuwa imezimwa, mtaa umelala, volti zimepanda. Mimi sina la kuongeza.

#28 Kijana_Sakina, Jumatano, saa 2:18 asubuhi

Na ilibuti kutoka flashi nyingine! Mimi pia sina la kuongeza.

#29 TengeruMwanachuo, Jumatano, saa 5:40 asubuhi

Na usiku kulikuwa na baridi. Mimi nimo.

#30 Mtaalamu_Nusu, Jumatano, saa 6:02 mchana

Kipimo kimoja na washindi wanne. Naleta la tano: mwezi Machi 2022 AMD ilikiri kwamba TPM (sehemu ya usalama) iliyomo ndani ya prosesa zake za Ryzen inasababisha mashine kukwama kwenye Windows 10 na 11, na dawa yake ilikuja na BIOS zenye AGESA 1.2.0.7 (sehemu ya BIOS inayotengenezwa na AMD). Safari hii nimesoma mara mbili kabla ya kuandika, na ni ya AMD.

#31 NjiroKwetu, Jumatano, saa 6:30 mchana

Hongera, hiyo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba ule ulikuwa mkwamo wa sekunde chache kisha mambo yanaendelea, haukuwa kuzima wala skrini ya bluu. Hata hivyo, kusasisha BIOS ni jambo jema kwa madabodi iliyokaa dukani muda mrefu, mradi asifanye hivyo umeme ukiwa wa kukonyeza. BIOS ikikatika katikati ya kuandikwa, tutafungua uzi mwingine wenye majonzi zaidi.

#32 BibiMbuni, Jumatano, saa 10:10 jioni

Nguzo hajazihesabu bado.

#33 KaratasiNyeupe, Jumamosi, saa 3:50 usiku

Wakuu, imekubali. Leo mchana nilimwita jirani akanivutia waya wa kompyuta kwenye soketi yake ya ukutani, mbali na ekstensheni. Nilizima XMP. Nilinunua flashi mpya kwenye duka lenye risiti, nikaichomeka tundu la nyuma badala ya lile la mbele ya kasha. Windows 11 imeingia kwa dakika ishirini na mbili bila kusita, draiva zimefuata, na hivi sasa ninaandika humo humo. Shukrani nyingi kwenu nyote.

#34 FundiTaratibu, Jumamosi, saa 4:15 usiku

Nafurahi kwa ajili yako, dada, na wakati huo huo nimeshika kichwa. Niliandika kwa herufi zinazosomeka kwamba usibadilishe kitu kingine chochote. Umebadilisha umeme, XMP, flashi na tundu la USB kwa siku moja. Sasa kila mmoja humu ataondoka na ushindi wake mfukoni.

#35 Kijana_Sakina, Jumamosi, saa 4:17 usiku

Niongeze kwamba tundu la mbele hupitia waya mrefu ndani ya kasha hadi kwenye madabodi, na waya huo ukiwa hafifu hupoteza data. Hilo nalo ni upande wa flashi.

#36 KaratasiNyeupe, Jumamosi, saa 4:40 usiku

Fundi, nisamehe. Watoto wa shule wanaanza kuleta mitihani ya kuchapa Jumatatu, sikuwa na subira ya kujaribu kimoja kimoja. Nitavirudisha kimoja kimoja nikipata nafasi, nitawaeleza.

#37 KaratasiNyeupe, Alhamisi iliyofuata, saa 2:30 usiku

Nimerudi na matokeo. Jumapili niliiwasha tena XMP, ikaenda 3600 siku nzima na video mbili zikicheza, hakuna kitu. Jumatatu niliirudisha kompyuta kwenye ekstensheni, mashine ya kopi ikapiga kurasa zaidi ya elfu moja, hakuna kitu. Jumanne nilichukua flashi ya zamani nikanakili ISO kutoka humo mara tatu, na tarakimu 64 zikalingana mara zote tatu.

Leo saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya mtihani wa Hisabati wa darasa la sita, imeleta skrini ya bluu moja: WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Ikajiwasha, na tangu hapo haijarudia.

#38 NjiroKwetu, Alhamisi, saa 2:52 usiku

Ujumbe huo maana yake ni kwamba kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya kosa lake kwa mfumo, kwa hiyo flashi na ISO tunaweza kuziondoa mezani. Kijana_Sakina, pole. Nenda kwenye folda ya Minidump ndani ya folda ya Windows, utakuta faili la kumbukumbu ya kosa la leo, ulihifadhi kabla halijafutika.

#39 Kijana_Sakina, Alhamisi, saa 2:55 usiku

Kosa la leo linaweza kuwa si lile la wiki iliyopita. Sijaondoka mezani.

#40 FundiTaratibu, Alhamisi, saa 3:10 usiku

XMP imewashwa, na kosa limerudi. Mimi naliona hilo. Izime tena, uiache wiki mbili, na safari hii usiguse kitu kingine.

#41 Mzee_wa_Fyuzi, Alhamisi, saa 3:21 usiku

Ekstensheni imerudi, na kosa limerudi. Mimi naliona hilo. Binti yangu, saa nne asubuhi birika lilikuwa linafanya nini?

#42 KaratasiNyeupe, Alhamisi, saa 3:33 usiku

Lilikuwa linachemka, mzee. Mdogo wangu alikuwa anaandaa chai ya saa nne.

#43 Mzee_wa_Fyuzi, Alhamisi, saa 3:36 usiku

Jumamosi nitapita na mita yangu. Birika lisiondolewe, na XMP ya fundi isizimwe kabla sijafika.

#44 BibiMbuni, Alhamisi, saa 3:50 usiku

Mzee akifika na bisibisi, ahesabu na zile nguzo.